Binti yangu amechaguliwa uhandisi wa umeme na uhandisi wa kompyuta: athibitishe upi?

FundiBuguruni ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi umeme, nakaa Buguruni, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, tangu nilipokuwa nikimbebea marehemu mjomba wangu mfuko wa vifaa hadi nilipopata leseni yangu ya EWURA. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya PCM, na amechaguliwa mahali pawili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimempa uhandisi wa umeme, kule Mlimani, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, imempa uhandisi wa kompyuta. Anatakiwa kuthibitisha sehemu moja tu kati ya hizo katika siku chache zilizobaki. Mwenyewe anasema anazipenda kozi zote mbili, jibu ambalo kwa mzazi halina tofauti na kunyamaza.

Hapa nyumbani tumegawanyika. Mama yake anataka kompyuta, kwa sababu anaamini kwamba umeme ni kupanda nguzo na kupigwa shoti, na simlaumu, kwa kuwa ameniona nikirudi na vidole vilivyoungua. Shemeji yangu anasema kusomea kompyuta miaka minne ni kupoteza wakati, maana vijana wa Kariakoo wanazitengeneza bila cheti chochote. Naomba wanaozijua kozi hizi wanieleze kinachosomwa hasa. Habari za mshahara tuziache, kila mtu ana lake la kusema.

Lipo na swali la pili, ambalo ni la kwangu mimi. Mwezi uliopita niliitwa kwenye ofisi moja ya Ilala yenye kompyuta nyingi, ambako waya wa nyutro, yaani wa kurudishia mkondo, kwenye bodi kuu ulikuwa umeanza kubadilika rangi kwa joto. Umeme wao ni wa fezi tatu. Nilipopima kwa klampu mita, kila fezi ilisoma ampia 23 au 24, zimelingana vizuri kabisa, lakini nyutro ilisoma 41. Mimi nilifundishwa kwamba fezi zikilingana, nyutro haibebi kitu. Nikadhani mita imekufa, nikaazima nyingine ya aina ileile, nayo ikasema yaleyale. Nilikaza viungio vyote nikaondoka, lakini moyo haukutulia. Binti yangu aliponiuliza sababu, nilikosa la kumjibu. Je, mambo ya namna hii ndiyo wanayofundishwa huko chuoni?

Mkondo_Mkuu amejibu:

Shikamoo mzee. Nilisoma uhandisi wa umeme Mlimani na sasa nafanya kazi kwenye njia za msongo mkubwa. Niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu nikilimaliza hilo, la kwanza litakuwa limejibiwa nusu.

Mita yako ni nzima, na ulichofundishwa ni kweli, ila ni kweli kwa mizigo ya zamani: mota, pasi, birika, taa za balbu. Mkondo wa vifaa hivyo hupanda na kushuka kwa ulaini uleule wa volti, mara 50 kwa sekunde. Fezi tatu zimepishana kwa nyuzi 120, na kwa hiyo zikikutana kwenye nyutro zinafutana. Kompyuta haili umeme kwa utaratibu huo. Pawasaplai yake hujaza kwanza kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, na kapasita hiyo hupokea mkondo pale tu volti inapofika kileleni, kisha inakaa kimya hadi kilele kinachofuata. Mkondo wake ni wa kudokoa, kama mtoto anayepita karibu na sahani ya sambusa.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, ambaye alikuwa akichunguza jinsi joto linavyopita kwenye vitu wala hakuwa na habari na nyutro za Ilala, alitoa hoja kwamba umbo linalojirudia linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini yenye kasi tofauti. Ukiuchambua mkondo wa kudokoa kwa njia yake, unakuta wimbi la hezi 50, na pamoja nalo mawimbi madogo ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea, ambayo tunayaita hamoniki. La hezi 150 ndilo lililoichoma nyutro yako. Kwa kuwa linakwenda mara tatu ya kasi ya kawaida, upishano wa nyuzi 120 unageuka kuwa nyuzi 360, yaani mzunguko mzima, na mzunguko mzima ni sawa na kutopishana kabisa. Fezi zote tatu zinapanda pamoja na kushuka pamoja, na zikifika kwenye nyutro zinajumlishana badala ya kufutana. Kwa mizigo ya aina hii nyutro inaweza kubeba hadi mara 1.73 ya mkondo wa fezi moja.

Kuna jambo jingine. Mita nyingi za bei nafuu husoma kwa kudhani kwamba wimbi ni laini, na likiwa limepinda zinasoma pungufu. Kwa hiyo hata hizo ampia 24 sina imani nazo. Kabla hujabadilisha chochote, tafuta mita inayosoma RMS halisi, yaani inayopima mkondo sawasawa hata wimbi likiwa limepinda, upime tena mchana ofisi ikiwa imejaa watu.

Hayo ndiyo tunayosoma. Mwaka wa kwanza ni saketi, kanuni za Kirchhoff na hisabati nyingi, zikiwemo namba changamano, ambazo mwanafunzi huziona ni mchezo wa kitaaluma mpaka siku anapogundua kwamba pembe kati ya volti na mkondo ndiyo hiyohiyo namba changamano. Fourier anafuata. Baadaye zinakuja mashine za umeme, transfoma, mifumo ya udhibiti, usafirishaji na ulinzi wa njia. Mama anayeogopa nguzo aambiwe kwamba mimi ninaweza kumaliza mwezi mzima bila kugusa waya, kwa sababu kazi yangu ni kukokotoa rilei ipi, yaani kifaa cha ulinzi wa njia, ifungue kwanza hitilafu ikitokea, na baada ya milisekunde ngapi.

Kuhusu nafasi ya fani hii, angalia Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji: mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na umeme wake unakwenda Chalinze kwa kilovolti 400. Binti aulizwe kwa nini 400, kwa nini isiwe 33. Joto linalopotea kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo ukiongeza volti mara mbili kwa nguvu ileile, mkondo unabaki nusu na upotevu unabaki robo. Halafu tazama treni ya SGR, ambayo inavuta umeme wa fezi moja wa kilovolti 25 kutoka kwenye gridi ya fezi tatu. Lazima awepo mtu wa kuhakikisha kwamba gridi hailemewi upande mmoja. Ushauri wangu ni umeme.

Binti_Mantiki amejibu:

Shikamoo baba. Hesabu za kaka hapo juu ni sahihi, ila ushauri wake naupinga, kwa kuwa amekueleza kozi moja tu. Mimi ni mhitimu wa uhandisi wa kompyuta, na kazi yangu ni kuandika programu zinazokaa ndani ya vifaa vidogo vya kupimia.

Shemeji yako asamehewe, si yeye peke yake. Anayebadilisha kioo cha kompyuta mpakato pale Kariakoo ni fundi, na wengi wao ni mafundi hodari. Anayesoma sayansi ya kompyuta anashughulika zaidi na programu na nadharia yake. Mhandisi wa kompyuta yuko kwenye mpaka ambapo programu inakutana na umeme. Baba, mfano wake unao ukutani kwako, ni mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla.

Ukinunua umeme unapewa tarakimu 20. Unaziandika, mita inakubali. Mita nyingi kati ya hizo hazina mawasiliano yoyote na aliyekuuzia, sasa zinajuaje kwamba namba si ya kubuni, na kwamba hukuitumia jana? Tarakimu hizo 20 ni biti 66, yaani sifuri na moja za kompyuta, zilizoandikwa kwa mtindo wetu wa kawaida wa kuhesabu. Ndani yake kiasi cha umeme kimefichwa kwa ufunguo ambao uko ndani ya mita yako, na pamoja nacho upo muda ambao namba ilitengenezwa, uliohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita inafumbua, inalinganisha na namba ilizokwisha kuzipokea, ndipo inaamua.

Sasa kumbuka mwaka 2024, ambapo bila shaka majirani wote walikugongea mlango wakiwa na makundi mengine ya namba waliyopewa kuingiza kabla ya umeme wao. Sababu ilikuwa hii: waliobuni mfumo ule walitenga biti 24 kwa ajili ya dakika. Biti 24 zinahesabu hadi 16,777,216 na hapo zinajaa, na dakika hizo ni karibu miaka 32, kwa hiyo tarehe 24 Novemba 2024 hesabu ilikuwa inafika ukingoni. Ilibidi mita za nchi nyingi duniani zibadilishiwe ufunguo ili zianze kuhesabu upya. Wangetenga biti moja zaidi, tungekuwa na karibu miaka 64. Uamuzi wa namna hiyo, kwamba biti ziwe ngapi na kwa gharama gani, ndio uhandisi wa kompyuta.

Atasoma mantiki ya kidijitali, mikroprosesa, usanifu wa kompyuta, mifumo ya uendeshaji na mitandao, lakini saketi na semikondakta hazikwepi. Anayekuja akidhani ameikimbia fizikia hupata mshtuko mapema. Ataandika programu kwa lugha ya C kwenye chipu kama ile ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kujifunzia, yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, ambayo picha moja ya WhatsApp haiwezi kuingia humo. Kutengeneza programu za simu anaweza kujifunza mwenyewe kwa intaneti. Hili la chipu, maabara na mtu wa kumsahihisha vinasaidia sana.

DIT ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na jambo hilo kwa mtoto wa fundi si dogo. Tena wahitimu wa uhandisi wa kompyuta nao husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama wenzao wa umeme: kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha baada ya miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi, kama mhandisi mtaalamu.

Neno moja kwa mdogo wangu, kozi yoyote atakayochagua. Darasani tulikuwa wasichana wachache, na katika kila kikundi cha maabara msichana ndiye aliyepewa daftari la kuandika matokeo kwa sababu ana mwandiko mzuri. Nilikubali kwa muhula mmoja mzima, na muhula huo sikujua hata kuwasha osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Mwandiko wake uwe mbaya wiki moja moja.

Mwalimu_wa_Maabara amejibu:

Nimefundisha mwaka wa kwanza na wa pili wa kozi hizi kwa muda mrefu, katika chuo ambacho sitakitaja, na nina machache ya kuongeza.

La kwanza, tofauti kati ya kozi hizi mbili mwanzoni ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hisabati, saketi, elektroniki ya msingi, lugha moja ya programu na uchoraji wa kihandisi utavikuta pande zote. Njia zinaachana kwa uzito kuanzia mwaka wa tatu. Anayeshindwa huwa ameshindwa kabla ya hapo, na mara nyingi hashindwi na akili, anashindwa na madesa, yaani makaratasi ya kukariri. Kidato cha sita kimemfundisha kwamba maswali yaliyopita yanarudi, kwa hiyo anakariri majibu ya miaka mitano, na mtihani unakuja na saketi ileile ila kipinga kimoja kimehamishwa, anapotea. Ndipo sapu, yaani mitihani ya marudio, zinapoanza, na sapu zikilundikana mtu anadisko, anaondolewa chuoni. Swali moja la saketi aliloling'ang'ania usiku kucha hadi likafunguka lina faida kuliko desa zima.

La pili, mzee, umeuliza mambo ya chuoni kana kwamba wewe uko nje. Wanafunzi wangu wengi wanaweza kuandika mlinganyo wa transfoma lakini hawajawahi kuona transfoma ikinguruma chini ya mzigo, wala hawajui waya wa milimita za mraba 2.5 unashikikaje mkononi. Kwa kuwa masomo yote ni kwa Kiingereza, mwanafunzi anaweza kulibeba neno kwa miaka miwili bila kujua linasimamia kitu gani. Muonyeshe ethi, ule waya wa ardhini, mweleze kwa Kiswahili kwa nini ipo na kwa nini si sawa na nyutro, umuache aende chuoni akatafute hesabu yake. Msaada huo hauuzwi.

La tatu ni kuhusu uchaguzi wenyewe. Majibu mawili yaliyotangulia mpe ayasome, usimwambie lolote, uone ni lipi litakalomfanya atafute karatasi na kalamu. Anayesema anapenda vyote mara nyingi hajaonyeshwa bado kilichomo.

Mpangaji_Changanyikeni amejibu:

Niongeze ya maisha tu. Kutoka Buguruni, DIT iko jirani. Daladala ya Barabara ya Uhuru hadi Mnazi Mmoja, kisha miguu, anaweza kulala nyumbani miaka yote minne. Mlimani ni mbali zaidi na foleni ya Barabara ya Mandela inajulikana, hivyo ajitahidi kupata hosteli. Kama ameomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimalize bumu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu, kwa kompyuta ya kifahari. Kompyuta yoyote nzima inaendesha Octave, LTspice na KiCad, programu za hesabu na saketi ambazo ni za bure. Likizo ndefu ni za mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo nauli ya kwenda huko nayo aifikirie mapema.

FundiBuguruni amerudi:

Marahaba wanangu, na mwalimu ahsante sana.

Nilifanya kama mwalimu alivyoelekeza. Habari ya LUKU aliipenda mno, akachukua simu, akagawanya ile 16,777,216 kwa dakika za siku na kwa siku za mwaka, akapata miaka 31.9, akacheka na kwenda kumsimulia mama yake. Nikajua basi ni kompyuta. Kesho yake asubuhi nilimkuta mezani na karatasi nne zilizojaa mawimbi. Alikuwa amechora fezi tatu na hilo wimbi la hezi 150 kwa rula, akajumlisha nukta kwa nukta, kwa sababu alisema hawezi kuamini kwa maneno tu kwamba zinapanda pamoja. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliandika hapa: je, nyutro hiyo ikiungua kabisa na kukatika, nini kitatokea kwa zile kompyuta? Jibu nilikuwa nalo, maana niliwahi kuliona Tandika: nyumba zenye mzigo mdogo zinapata volti nyingi, hadi kukaribia 400, na televisheni zinaungua, wakati zenye mzigo mkubwa taa zinafifia. Nilimweleza nilivyoona. Yeye akachukua karatasi ya tano ili aone kama hesabu zinakubali.

Nilikwenda naye Ilala tukiwa na mita ya RMS halisi niliyoazima. Fezi zilisoma ampia 30, 31 na 29, na nyutro 44. Kwa hiyo kijana wa msongo mkubwa alikuwa sahihi: mita yangu ilikuwa inanidanganya kwenye fezi kwa ampia sita nzima, na sijui ni kazi ngapi nimeziamini kwa mita hiyo.

Amethibitisha umeme, Mlimani, juzi saa tatu usiku. Namba ya uthibitisho ilikuja kwenye simu yangu, nikampa simu aiandike mwenyewe. Mama yake bado ananuna kidogo. Binti_Mantiki, usikasirike, amesema Arduino atainunua hata hivyo, na ameniomba nimwachie ukuta mmoja wa chumba cha nyuma awe anafungia bodi zake.

Sasa nisaidieni la Ilala. Waya wa nyutro pale ni wa unene uleule wa fezi. Nifanyeje?

Mkondo_Mkuu amejibu:

Hongera kwake, mzee, na mwambie karatasi hizo tano azitunze.

Kwa Ilala, nyutro yenye ampia 44 kwenye fezi za 30 ipangie unene wake kwa mkondo wake yenyewe, wala usiifuatishe fezi. Wengi hukadiria mara mbili ya uwezo wa waya wa fezi pale ambapo karibu mzigo wote ni kompyuta, na hapo hata wakiongeza mashine nyingine hutarudi tena. Kagua pia baa ya nyutro na skrubu zake, kwa sababu joto ulilolikuta mara ya kwanza linaweza kuwa limekwisha kuharibu kiungio hata kama sasa kimekazwa. Usishawishike kuweka fyuzi au breka ya peke yake kwenye nyutro ili kuilinda, maana ikifunguka yenyewe huku fezi zikiwa hai, utakuwa umewapelekea hao wa ofisini kisa kilekile cha Tandika. Kazi yote ifanyike bodi ikiwa imezimwa, siku ya Jumapili, na ukimaliza upime tena Jumatatu mchana wakiwa wote kazini.